Mchoro wa wino kutoka kwenye picha: kulifuata kosa hadi lilikoanzia

Mchoro ukiharibika, kalamu ndiyo hulaumiwa kwanza. Ukilifuata kosa kinyumenyume, kutoka kopi iliyochapishwa hadi wino, kutoka wino hadi penseli, mara nyingi utalikuta limejikalia kwenye picha yenyewe: saa iliyopigwa, na mahali aliposimama mpigaji. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa kazi na kurudi mwanzo. Mifano ni ya Bagamoyo: milango ya nakshi, kuta za matumbawe, majahazi yaliyokaa mchangani maji yakitoka, na hewa ya chumvi inayokula nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu.

Vifaa vinavyozungumziwa ni kalamu ya kuchovya na nibu zake, kalamu za ncha ngumu zenye wino wa pigmenti, brashi namba 2, wino mweusi usioyeyuka ukishakauka, penseli za 2H na 2B, raba ya kukandika, na karatasi laini ya gramu 200 hadi 300. Jambo moja kuhusu namba za kalamu, maana linawachanganya wengi: Sakura Pigma Micron iliyoandikwa 01 huchora mstari wa milimita 0.25, ile ya 03 ni 0.35, na ya 05 ni 0.45. Namba ya kwenye kifuniko si milimita.

Kopi imemeza mistari

Mchoro wa A4 ukipunguzwa kuwa kadi ya posta ya A6, kila kipimo kinabaki nusu. Mstari wa 0.25 unakuwa 0.125, na mashine ya kawaida ya steshenari itauona hapa na kuukosa pale. Nafasi baina ya mistari nazo zinabanana hadi kivuli kinaziba na kuwa doa. Ukijua mapema kuwa kazi itaishia kadi, usishuke chini ya 0.35 na usiache nafasi ndogo kuliko milimita 1.

Ikiwa kopi imetoka na karatasi ya kijivu, huenda mchoro ulipigwa kwa simu chini ya taa. Uskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi za kijivu, kisha kwenye programu sukuma weupe uwe mweupe na weusi uwe mweusi. Ile hali ya mashine ya "nyeusi na nyeupe tupu" iache. Hukatakata kingo za mistari kama meno ya msumeno.

Wino unatambaa na kuota manyoya

Hili ndilo lalamiko la pwani. Karatasi uliyoinunua Januari ikachukua wino vizuri, Aprili inaunywa kama kitambaa. Karatasi nzuri ya kuchorea hupakwa au huchanganywa na kitu cha kuzuia wino usizame, na unyevu wa muda mrefu hulegeza kinga hiyo. Wakati wa masika, karatasi iliyolala wazi mezani karibu na dirisha la baharini huharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho.

Kabla ya kugusa mchoro, pima. Kwenye kona utakayoikata, chora mistari mitano kutoka mwembamba hadi mnene, subiri dakika moja, kisha itazame kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Mstari mnene tu ukiota manyoya, kosa ni wingi wa wino: punguza uchovyaji au hamia kalamu ya pigmenti. Yote mitano ikiota, karatasi imekwisha kwa kazi ya nibu; itumie kwa penseli. Manyoya yakitokea sehemu moja tu, na hasa pale kiganja kinapolala, chanzo ni jasho na mafuta ya mkono. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja na usikiondoe mpaka umalize. Aliyetoka kula mihogo ya kukaanga asiguse karatasi hata kwa pembe.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Karatasi ilale ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Toa karatasi moja moja. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haiwezi nibu, iwe kiangazi au masika, na manila hutofautiana sana bando kwa bando, kwa hiyo kila bando lipimwe upya.

Nibu inagoma

Nibu mpya ambayo wino unaiteleza na kujikusanya matone haina ubovu. Imepakwa mafuta kiwandani isishike kutu. Isugue kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, suuza, kausha. Ikishika wino sawasawa hadi kwenye kile kitundu cha katikati, iko tayari. Kitundu hicho ndicho alama ya kuchovya: ukizamisha kukipita, tone litaanguka mahali usipotaka. Gusa mdomo wa chupa kwa nibu kila unapoitoa.

Ukiona mistari miwili sambamba na katikati pakavu, ujue meno ya nibu yamepanuka lakini wino haukufuata. Umekandamiza mno, umekwenda haraka, au wino umekuwa mzito. Joto hukausha maji ya wino kila chupa inapofunguliwa. Mimina wino kidogo kwenye kizibo na uongeze maji tone kwa tone, ukijaribu kila tone, badala ya kuyamwaga kwenye chupa nzima. Maji yawe yaliyotoneshwa, si ya kisima wala ya bomba, kwa sababu chumvi na madini huweza kuugandisha wino. Maduka ya vipuri vya magari huuza maji hayo kama maji ya betri. Soma lebo: kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna asidi ya betri, na hiyo itakula nibu, karatasi na ngozi.

Nibu inayokwaruza na kurusha vitone huwa imeng'oa nyuzi za karatasi na kuzishika kati ya meno. Pitisha ukingo wa karatasi nyembamba katikati, safisha, endelea. Ikiwa inakwaruza unapoisukuma mbele tu, geuza karatasi. Nibu huvutwa, haisukumwi. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano ioshe, na mwisho wa kazi ikaushe kabisa kabla ya kuiweka kwenye kopo lenye mchele mkavu. Usiku mmoja wa upepo wa bahari juu ya nibu yenye maji unatosha kuotesha kutu kwenye meno, na nibu yenye kutu haitengenezeki.

Wino wa India wenye shelaki usiutie kwenye kalamu ya wino ya kuandikia. Ukikauka ndani, umeizika.

Mistari inafifia raba ikipita, au inayeyuka rangi ya maji ikigusa

Mstari uliokuwa mweusi ukageuka kijivu baada ya kufuta penseli ulikaa juu ya grafaiti, haukukaa juu ya karatasi. Penseli nzito hutandaza utando unaozuia wino kushika, na raba ikija inaondoka na vyote viwili. Chora kwa 2H bila kukandamiza. Kisha, kabla ya wino, viringisha raba ya kukandika juu ya mchoro wote mpaka mistari ibaki kivuli tu cha kukuongoza. Baada ya wino ngoja. Mistari myembamba inaweza kukauka kwa nusu saa siku kavu, lakini weusi mzito uliojazwa kwa brashi siku ya mvua uache ulale hadi asubuhi. Futa kwa kubonyeza na kuinua, bila kusugua.

Ukipanga kupaka wino uliozimuliwa au rangi za maji juu ya mistari, usiamini maneno ya kwenye chupa. Chora mstari pembeni, uache siku nzima, upitishie brashi yenye maji. Ukitoka moshi, wino huo ni wa kazi kavu tu. Na karatasi chini ya gramu 300 itajikunja ikilowa, kwa hiyo ibandike pande zote nne kwenye ubao kwanza.

Tone limeanguka

Usifute. Gusa ukingo wa tone kwa ncha ya tishu, liachie linyonywe lenyewe, kisha liache likauke usiku mzima. Kwenye karatasi ya gramu 250 au zaidi, paruza kwa wembe mpya ulioulaza karibu sambamba na karatasi, tabaka kwa tabaka. Nyuzi zitasimama; zilaze kwa mgongo wa kijiko. Sehemu hiyo haitavumilia tena nibu, hivyo mstari wa juu yake uchorwe kwa kalamu ya pigmenti, taratibu. Kwenye karatasi nyembamba dawa ni rangi nyeupe ya guashi (rangi ya maji nzito inayofunika), mipako miwili myepesi.

Mchoro wote ni wa kijivu

Kutoka hapa tunaacha wino na kuingia kwenye maamuzi. Mchoro uliojaa kazi, kila jiwe limechorwa, kila ubao una nyuzi zake, na ukiuweka hatua tatu mbali hauoni kitu ila ukungu. Hili ndilo kosa linalokula muda mwingi kuliko yote, maana mchoraji hulijibu kwa kuongeza mistari, na kila mstari unazidisha kijivu.

Chanzo ni kunakili picha ilivyo. Simu za siku hizi zina tabia ya kuinua vivuli na kushusha mwanga ili kila kitu kionekane. Kwa macho inapendeza. Kwa mchoraji wa wino ni sumu, kwa sababu wino una rangi mbili tu, na kijivu chote hutengenezwa kwa hesabu ya mistari na nafasi. Mstari wa 0.35 ukiachiwa nafasi ya 0.35 unafunika nusu ya karatasi. Ukiachiwa nafasi mara tatu ya unene wake, milimita 1 na ushei, unafunika robo. Ukipitisha tabaka la pili lenye kipimo hicho hicho juu yake kwa kukatiza, hupati nusu. Unapata kama asilimia 44, kwa kuwa mistari mingine inaangukia juu ya iliyokwishachorwa. Tabaka la tatu linafika 58 tu. Kwa hiyo anayetafuta weusi wa mlango uliofunguka kwa kurundika mistari atachoka kabla hajaupata. Weusi unajazwa kwa brashi, mara moja.

Dawa ianze kabla ya mchoro mkubwa. Kwenye programu ya picha, shusha vivuli, pandisha tofauti ya weusi na weupe, kisha ipunguze picha hadi ngazi tatu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Chora kijimchoro cha sentimita 5 kwa 7 kwa kalamu nene ya maka, ukitumia ngazi hizo tatu bila mstari wa nje. Kama hapo hakisomeki, hakitasomeka kwenye A3.

Chukua mfano wa mlango wa nakshi wa Mtaa wa India wenye mbao mbili. Katikati unasimama mfaa, ule mti uliochongwa unaofunika ungio la mbao. Picha inaonyesha mfaa, miimo na mbao zote kwa kijivu kinachokaribiana. Amua: uwazi wa kati ya mlango na kizingiti cha juu ujazwe weusi, kivuli cha mfaa kwenye ubao wa upande mmoja kiwe mistari ya tabaka mbili, uso wa mfaa unaopokea jua ubaki karatasi tupu, isipokuwa mikato ya ndani ya nakshi. Misumari ya shaba isichorwe duara kamili. Nusu ya chini iwe nyeusi na doa jeupe liachwe juu, basi, jicho litamalizia. Ukuta wa matumbawe ulio pembeni upewe mawe saba au manane pale mwanga unapopakana na kivuli, kwingine chokaa iwe nyeupe. Anayechora kila jiwe hageuki fundi zaidi. Anaubeba ukuta mzima kuuleta mbele ya mlango.

Ikiwa umekwishaharibu na kijivu kimetawala, bado kuna njia moja: chagua sehemu mbili au tatu ambazo tayari ni nzito kuliko nyingine na uzijaze weusi kabisa. Kijivu kilichobaki kitaonekana chepesi. Kuongeza weupe kwa rangi ni hatua ya mwisho, na haifichiki.

Mistari iliyokatizana kwa pembe mraba huleta sura ya wavu wa dagaa. Pinda tabaka la pili nyuzi 30 hivi kutoka la kwanza, na lote lifuate umbo: kwenye tumbo la jahazi mistari ipinde na mbao.

Uso umekuwa kiraka cheusi, au kijana amezeeka

Nyuso za watu weusi huharibiwa sana kwa kupakwa mistari ya usawa mmoja uso mzima, eti kuonyesha rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi husomeka kwa mng'ao wake: paji la uso, mgongo wa pua, juu ya shavu, mdomo wa chini. Acha karatasi tupu hapo, kwa kingo kali, kisha kivuli kiingie haraka pembeni. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji kuwa ngozi ni nyeusi. Picha iliyopigwa ufukweni mchana haina mng'ao huo, kwa kuwa simu ilipima mwanga wa mchanga na kuufanya uso giza. Wakati wa kupiga, gusa uso kwenye skrini ili simu ipime hapo.

Kuzeesha kunatokana na kuchora kila mkunjo kwa mstari kamili. Mkunjo wa kutoka puani hadi mdomoni uwe vitone vichache au mstari uliokatika, na kwa mtoto usichorwe kabisa.

Kila kitu kipo mahali pake, lakini mchoro umekufa

Mchoro umefuatishwa juu ya kioo, kingo zote zimechorwa, na zote kwa unene mmoja. Tumia angalau unene wa aina tatu. Jahazi lililokaa mchangani: mstari wa chini, pale ubavu unapogusa mchanga, uwe mnene kuliko yote, maana uzito uko hapo. Ukingo wa tanga upande wa jua uache wazi kabisa na mistari michache ya anga iutambulishe. Kamba za mbali ni 0.25, na zikatikekatike.

Sura hailingani na picha

Kosa la uwiano mara nyingi ni la karatasi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ni 2 kwa 3. A4 ni 21 kwa 29.7. Ukiigawa picha na karatasi kwa idadi sawa ya miraba, kila kitu kitapanuka kidogo. Fremu ya picha ya 10 kwa 15 kwenye A4 iwe 19.8 kwa 29.7, na ukanda wa sentimita 1.2 ubaki mtupu. Picha ya simu ya 3 kwa 4 iwe 21 kwa 28. Miraba ya sentimita 1 inatosha kwa majengo. Kwa uso ipunguze iwe nusu.

Jahazi lina hila yake. Mlingoti umelala mbele kidogo na foromali, ule mti unaobeba tanga, ina mpindo, na mkono hupenda kuvinyoosha vyote viwili. Badala ya kuchora mti, chora ile pembetatu ya anga iliyo kati ya mlingoti, foromali na ubavu. Pembetatu ikiwa sawa, miti imekaa yenyewe.

Kuhamishia mchoro kwenye karatasi nene isiyopitisha mwanga, paka penseli ya 2B nyuma ya karatasi ya rasimu, kisha fuatisha kwa kalamu ya bolpeni. Karatasi ya kaboni ya risiti haifai. Ina mafuta, inaukataa wino na haifutiki.

Picha yenyewe ilikosewa

Mlango uliopanuka chini na kubanana juu, au Boma, lile jengo la zamani la serikali, ambalo kuta zake zinaegemeana, ni simu iliyoinuliwa ikatazama juu. Ishike wima kabisa, rudi nyuma, kata ziada baadaye. Kwa mlango mkubwa simama mita 5 au 6 na utumie kamera ya kukuza mara 2. Ile ya 0.5 huvuta pembe. Mtaa ukiwa mwembamba, piga vipande viwili. Uso upigwe kwa umbali wa mita 2. Kwa mkono ulionyooshwa, pua inakua na masikio yanakimbia nyuma.

Nakshi isiyosomeka ilipigwa saa mbaya. Mlango unaotazama baharini hupigwa na jua uso kwa uso saa 1 asubuhi, na vivuli vya michongo vinapotea. Saa 4 hadi 5 jua limepanda na linateleza juu ya mbao, kila ua linaangusha kivuli chake. Unaotazama magharibi usubiriwe saa 8 hadi 9 mchana. Inayotazama kaskazini ina bahati mwezi Juni, ya kusini mwezi Desemba. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua hupita utosini kabisa. Adhuhuri ya siku hizo mashavu ya watu huwa na mashimo na majengo hayana kivuli cha kushika.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi, ukiwa nchi kavu, jahazi litatoka umbo jeusi tupu, ambalo linafaa ukilitaka hivyo. Ukitaka mbao na kamba zake, njoo saa 10 alasiri, jua likiwa mgongoni kwako.

Picha iliyookotwa mtandaoni ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haijali kuwa wewe umetumia wino. Piga yako au omba ruhusa.

Dalili ya mwisho ni ngumu kuiona: kila kitu ni sahihi, lakini jahazi linaonekana kama limebandikwa. Picha mbili zimeunganishwa, na mwanga wa moja unatoka kushoto, wa nyingine kulia. Nyuma ya kila picha uliyochapisha andika tarehe, saa na upande jua lilipokuwa, ili unapoziunganisha ujue ni ipi ya kugeuza kama kwenye kioo. Ya mlango usiigeuze ikiwa nakshi yake ina maandishi.